Mwaka wa utafiti katika masomo ya udaktari

Mwaka wa utafiti ni kipindi, kwa kawaida cha miezi 12, ambapo mwanafunzi wa udaktari husimamisha masomo yake ya kawaida ili afanye utafiti wa kisayansi kuhusu mwili wa binadamu na magonjwa yake. Kipindi hicho kikiisha hurudi darasani au wodini na kuendelea pale alipoachia. Utaratibu huu umeenea hasa nchini Marekani, ambako masomo ya udaktari huchukua miaka 4 baada ya shahada ya kwanza. Wengi huchukua mwaka huo baada ya mwaka wa pili au wa tatu.

Mwaka wa utafiti ni tofauti na masomo ya pamoja ya udaktari na uzamivu, ambayo nchini Marekani huchukua kwa kawaida miaka 7 au 8 na kumpa mhitimu shahada mbili. Ni tofauti pia na kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa au kukosa ada, kwa kuwa mwanafunzi huwa na kazi maalumu, msimamizi na mara nyingi posho.

Historia

Wanafunzi wa udaktari wamechangia sayansi tangu zamani. Mwaka 1869 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, alieleza katika tasnifu yake mafungu madogo ya seli ndani ya kongosho. Baadaye ilijulikana kwamba humo ndimo insulini inamotengenezwa, na mafungu hayo yanaitwa visiwa vya Langerhans hadi leo.

Mfano mwingine ni Jay McLean, aliyefika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore mwaka 1915. Aliamua kutenga mwaka mmoja wa masomo kwa utafiti chini ya profesa William Howell. Alipewa kazi ya kuchunguza dutu inayosaidia damu kuganda. Katika kazi hiyo alikuta kwamba dutu fulani kutoka katika ini ilifanya kinyume chake: ilizuia damu isigande. Alitangaza matokeo yake mwaka 1916. Howell aliendelea na uchunguzi, na mwaka 1918 alitumia jina la heparini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Heparini inayotumika leo hospitalini si dutu ileile aliyoipata McLean, na wanahistoria wamebishana kuhusu nani anastahili sifa ya ugunduzi huo.

Programu rasmi zilikuja baadaye. Mwaka 1979 daktari James Wyngaarden aliandika kwamba madaktari wanaofanya utafiti walikuwa wakipungua, akawafananisha na viumbe walio hatarini kutoweka. Baadaye aliongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH). Mwaka 1985, wakati wa uongozi wake, NIH na Taasisi ya Tiba ya Howard Hughes zilianzisha programu ya mwaka mmoja kwa wanafunzi wa udaktari huko Bethesda, Maryland. Baadhi yao waliishi katika jengo lililokuwa zamani makao ya watawa. Mwaka 2012 programu hiyo ilifuatiwa na nyingine ya NIH, inayopokea pia wanafunzi wa meno na wa tiba ya mifugo.

Jinsi unavyofanyika

Mwanafunzi huanza kwa kutafuta msimamizi na swali la utafiti, kisha huomba ruhusa ya chuo na ufadhili. Maandalizi haya hufanyika miezi mingi kabla ya mwaka wenyewe, kwa sababu miezi 12 ni michache. Utafiti unaohusu wagonjwa hauwezi kuanza kabla ya kibali cha kamati ya maadili, nacho huweza kuchukua miezi kadhaa. Vilevile, anayetaka kufuatilia wagonjwa kwa miaka 3 hawezi kumaliza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo wengi hujiunga na kazi ambayo tayari ina kibali, huchambua kumbukumbu zilizokwisha kukusanywa, au huchukua sehemu ndogo ya jaribio la maabara.

Faida

Mwanafunzi hujifunza kuuliza swali linaloweza kujibiwa, kupima, kuchambua takwimu na kuandika makala ya kitaaluma. Hata asipokuwa mtafiti, elimu hiyo humsaidia kupima madai kuhusu dawa mpya kabla ya kumwandikia mgonjwa. Wengine hugundua kwamba maabara si mahali pao, na hilo ni heri kulijua baada ya mwaka mmoja kuliko baada ya miaka mingi.

Gharama na ubishi

Anayechukua mwaka huu huchelewa mwaka mzima kupata mshahara wa daktari. Mikopo ya wanafunzi ya serikali ya Marekani kwa kawaida huanza kulipwa miezi 6 baada ya mtu kuacha masomo, hivyo ni muhimu kwa mwanafunzi kujua kama chuo kitaendelea kumhesabu kuwa amesajiliwa.

Ubishi mkubwa unahusu nia. Nafasi za ubingwa katika fani kama upasuaji wa ubongo, upasuaji wa mifupa na magonjwa ya ngozi hugombewa sana, na makala zilizochapishwa huwasaidia waombaji. Tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari wa Marekani hautoi tena alama za tarakimu, bali kufaulu au kutofaulu tu. Wakosoaji wanahofia kwamba wingi wa makala utachukua nafasi ya alama. Wanasema pia kwamba mwaka usio na posho ni rahisi kwa mwenye wazazi wenye uwezo, lakini humfungia mlango mwanafunzi maskini.

Nchi nyingine

Nchini Uingereza mwanafunzi anaweza kuongeza mwaka mmoja katikati ya masomo na kupata shahada ya sayansi. Katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, masomo ya shahada hiyo ni sehemu ya kozi ya kawaida ya miaka 6.

Utaratibu wa namna hiyo uko pia Kenya: Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya sayansi katika anatomia ya binadamu kwa wanafunzi wa udaktari. Nchini Tanzania masomo ya udaktari huchukua miaka 5, yakifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, na utafiti mrefu kwa kawaida husubiri masomo ya uzamili. Utafiti unaohusu afya za watu nchini humo huhitaji kibali cha kimaadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ni kati ya vyombo vinavyokitoa.