Green Day: bendi iliyokwea kilele kimoja mara mbili

Wanamuziki wengi wa Marekani hujaliwa albamu moja kubwa, kisha wakala matunda yake mpaka uzeeni. Green Day wana mbili, zimeachana miaka kumi, na ya pili ilikuja wakati wengi walikwisha kuwahesabu miongoni mwa wakongwe. Kwangu hiyo ndiyo rekodi yao kuu, japo hakuna anayetoa cheti chake.

Yenye vyeti ni *Dookie*, iliyotoka Februari 1, 1994. Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa, Mike Dirnt wa besi na Tré Cool wa ngoma walikuwa wote na umri wa miaka 21. Waliirekodi Berkeley, California, na mtayarishaji Rob Cavallo: nyimbo fupi za kasi kuhusu wasiwasi, uchovu na kukaa nyumbani bila la kufanya, lakini zenye melodi unayoweza kuipiga mluzi ukishazisikia mara moja. Mwaka 1995 ikawapa Grammy yao ya kwanza. Mwaka 2024 chama cha kampuni za muziki Marekani, RIAA, kikaipa Almasi ya pili, yaani nakala milioni 20 nchini humo, kwa hesabu inayojumuisha usikilizaji wa mtandaoni. Albamu za panki zilizofika huko hazijazi kiganja.

Mwaka uleule wa 1994 uliwapa tamasha lao chafu kuliko yote. Ilikuwa Woodstock '94, jimbo la New York, mvua imegeuza uwanja kuwa bwawa la tope. Mashabiki wakaanza kulivurumisha jukwaani, Armstrong naye akalirudisha kwa mikono miwili, na watu wakavamia jukwaa. Mlinzi mmoja alimwona Dirnt, aliyelowa tope kama wengine, akadhani ni mvamizi, akamkumba hadi meno yakaumia. Mamilioni waliokuwa hawajawahi kuisikia bendi hii wakaifahamu wiki ile. Mwezi uliofuata walitumbuiza bure Boston. Yakaja makumi ya maelfu ya watu, fujo zikazuka, na onyesho likakatizwa baada ya nyimbo chache tu.

Umaarufu huo ulikuwa na bei yake. Walikuwa wamelelewa na ukumbi mdogo wa Berkeley uitwao 924 Gilman Street, unaoendeshwa na watu wa kujitolea, wenye kanuni kwamba bendi iliyosaini na kampuni kubwa haipandi jukwaa lake. Green Day waliposaini na Reprise, mlango ukafungwa. Haukufunguliwa hadi Mei 2015, waliporudi kucheza onyesho la kuwachangia waathirika wa moto. Miaka zaidi ya 21! Ningeelewa kama wangeweka kinyongo. Hawakuweka, na hilo linanifanya niwaheshimu kuliko mauzo yoyote.

Katikati hapo mambo yalififia. *Warning* ya mwaka 2000 haikuuza kama zilizotangulia. Mwaka 2003, walipokuwa karibu kumaliza albamu nyingine, kanda zake za msingi ziliibwa studio. Wangeweza kuirekodi upya. Badala yake walijiuliza kama kweli ilikuwa kazi bora kabisa waliyoweza kuitoa, wakaona sivyo, wakaanza ukurasa mpya.

Kilichotoka Septemba 2004 ni *American Idiot*, kisa kizima kinachoimbwa kuhusu kijana wa kitongojini katika Marekani ya George W. Bush na vita vya Iraq. Ndiyo albamu yao ya kwanza kushika namba moja kwenye chati ya Billboard 200. Ndani yake mna nyimbo zao ndefu kupita zote: “Homecoming”, dakika 9 na sekunde 18, na “Jesus of Suburbia”, inayoifuata kwa sekunde kumi tu, kila mmoja ukiwa na sehemu tano. Katika panki, ambako dakika tatu zatosha na kubaki, huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Iliwaletea Grammy ya albamu bora ya roki, mwaka 2006 “Boulevard of Broken Dreams” ukatwaa ya rekodi ya mwaka, na kwenye tuzo za video za MTV za 2005 walinyakua saba usiku mmoja. Milton Keynes, Uingereza, watu 130,000 walihudhuria maonyesho yao kwa siku mbili. Mwaka 2010 kisa hicho kikapanda Broadway, kikaigizwa mara 422 na kutwaa Tony mbili.

Lakini wimbo wa albamu hiyo ninaourudia zaidi haukuhusu siasa. “Wake Me Up When September Ends” Armstrong aliuandika kwa ajili ya baba yake, aliyefariki kwa saratani Septemba 1982, mtoto akiwa na miaka kumi. Karibu na wakati huo alikutana shuleni na Dirnt, na tangu hapo wamekuwa chanda na pete. Tré Cool alijiunga mwaka 1990.

Haraka yao kubwa ilikuwa 2012: albamu tatu ndani ya miezi mitatu. Naona zilikuwa na nyimbo nzuri za kutosha albamu moja. Armstrong mwenyewe aliingia matibabu ya uraibu ya kwanza ilipokuwa inatoka. Mwaka 2015, mwaka wa kwanza kanuni ziliporuhusu, wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame.

Mwaka 2024, *Dookie* ikitimiza miaka 30 na *American Idiot* 20, walizunguka viwanja vikubwa wakizipiga zote mbili usiku mmoja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, watatu walewale.