Jicho linapoandika mahali pa ubongo

Dada yangu alinipigia simu kutoka Nyaramba, kaunti ya Nyamira, sauti ikimtetemeka. Mwanawe wa miaka minane, aliyekuwa amezimia mara moja shuleni, alikuwa amepimwa mawimbi ya ubongo, na ripoti ikataja “mawimbi ya polepole upande wa mbele wa kichwa”. Jirani mmoja aliifasiri kwa neno moja: kifafa. Kufikia jioni mtoto alikwisha kukatazwa kwenda mtoni na kuketi karibu na jiko.

Nilimuuliza mpwa wangu swali moja tu: aliyekupima alikuambia nini?

“Aliniambia nitulie, mjomba. Nikatulia. Sikusonga hata kidogo. Nilikuwa tu naangalia watu wakipita, na ile taa ilikuwa inaniumiza macho.”

Basi mwili ulitii. Macho hayakuambiwa kitu.

Jicho ni kama betri ndogo. Konea, ile sehemu angavu ya mbele, ina chaji chanya ikilinganishwa na retina iliyo nyuma. Jicho likigeuka, au ukope ukiteleza juu yake, umeme huo hubadilika na kunaswa na elektrodi zilizobandikwa kichwani, hasa zile za kipaji cha uso. Mawimbi ya ubongo nayo ni dhaifu: yakifika kwenye ngozi ya kichwa, kwa kawaida huwa ya mikrovolti 10 hadi 100 hivi. Kupepesa mara moja kwaweza kuchora nundu inayoyazidi yote. Anayesoma kwa haraka huiona nundu, jicho halioni.

Dawa ipo. Huwekwa elektrodi moja juu ya jicho na nyingine chini yake. Nundu ikitoka kwenye jicho, mstari mmoja hupanda huku wa pili ukishuka. Wimbi la ubongo huelekea kupanda na kushuka pamoja katika yote miwili. Zipo pia programu za kompyuta za kuzichuja nundu hizo. Mimi, mtu wa lugha, naona kazi ingeanzia kwenye kitenzi.

Kiswahili hakina uhaba hapa. Kufumba si kupepesa, kupepesa si kukodoa, na kukodoa si kukonyeza. “Tulia” haligusi hata kimoja. Tena kitenzi hubadilisha rekodi yenyewe: Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliyechapisha rekodi za kwanza za binadamu mwaka wa 1929, alibaini kwamba mawimbi ya alfa, ya mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde, hutamba macho yakifumbwa na kufifia yakifumbuliwa. Mtoto anayewaza kwa Ekegusii aonyeshwe kwa vitendo, asiachiwe kubahatisha.

Na hiyo nundu tuiiteje? Kiingereza huipa jina lile lile la chungu cha kale kilichofukuliwa ardhini, nasi tukitafsiri kikasuku tutapotea. Napendekeza waa: waa la jicho, mawaa ya macho. Huonekana kwenye nguo ila si sehemu ya kitambaa.

Mpwa wangu alipimwa upya. “Fumba macho kama unayelala,” daktari alimwambia, “ila usilale.” Nundu zikaisha. Daktari akaweka karatasi kando, akaanza kumuuliza dada yangu kuhusu ile siku ya kuzimia: mtoto alikuwa amekula nini asubuhi, na alisimama juani kwa muda gani.