Alikimbia au Alikimbizwa?

Mtu akiambiwa kwamba farasi fulani aliingia mashindanoni mara 25 na kushinda mara zote 25, hudhani amekwisha kupewa habari nzima. Ndivyo anavyosimuliwa Black Caviar, farasi jike wa Australia aliyezaliwa mwaka 2006. Nasema "jike" makusudi. Kiambishi "a-" cha Kiswahili hakibagui jinsia, na bila neno hilo msomaji angefika tamati asijue kwamba madume kadhaa mashuhuri yalitimuliwa vumbi na mnyama wa kike.

Alianza Aprili 2009, chini ya mkufunzi Peter Moody. Mbio zake zilikuwa fupi, za mita 1,000 hadi 1,400. Mwili wake ulikuwa mkubwa mno, na misuli ile ile iliyomrusha mbele ya wenziwe ndiyo iliyomuuguza mara kwa mara.

Katika mchezo huu pengo baina ya mshindi na anayemfuata hupimwa kwa mwili wa farasi mwenyewe: pua, kichwa, shingo, kisha urefu wa farasi mzima. Kwao Australia Black Caviar alizoea kushinda kwa urefu wa farasi kadhaa, mpandaji wake, Luke Nolen, akiwa ametulia tu mgongoni. Tarehe 23 Juni 2012, huko Ascot, Uingereza, pengo likawa kichwa. Alikuwa amesafirishwa kwa ndege kutoka upande wa pili wa dunia. Karibu na mwisho Nolen aliacha kumhimiza, akidhani kazi imekwisha. Moonlight Cloud kutoka Ufaransa, naye jike pia, akaja kwa kasi na nusura ampokonye ushindi. Lawama zote zikamwangukia mpandaji.

Baadaye madaktari walipomchunguza mnyama, walikuta misuli imechanika.

Hapa ndipo ninapotaka wanafunzi wangu wa sarufi watue kidogo. Je, farasi yule alikimbia, au alikimbizwa? Viambishi viwili tu, cha kusababisha na cha kutendwa, vinabadilisha kesi nzima. Waandishi wa michezo hupenda kitenzi cha kwanza. Humpa mnyama nia, ujasiri, hata uzalendo. Mimi naona cha pili kina haki zaidi. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kuiona Uingereza. Hata hivyo sithubutu kukifuta cha kwanza kabisa, kwani hatua zile za mwisho, mpandaji akiwa ameacha kuhimiza na mwili ukiuma, alizipiga mwenyewe.

Alistaafu Aprili 2013, baada ya ushindi wa 25 katika uwanja wa Randwick, Sydney, akawa farasi wa kuzalisha. Ugonjwa wa kwato ulimpata, akakatishwa maisha tarehe 17 Agosti 2024, muda mfupi baada ya kuzaa. Kesho yake angetimiza miaka 18.