Kutuama kwa Maji Shambani: Mwitikio wa Mazao na Dhima ya Istilahi katika Ugani

Ikisiri
Makala haya yanafafanua jinsi mazao yanavyoitikia maji yanayotuama kwenye mizizi, na yanaonesha kwamba kutofautisha mafuriko, kutuama na kuzama huamua ushauri anaopewa mkulima.

1.0 Utangulizi
Mvua za masika za mwaka 2024 zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ikiwemo tambarare ya Mto Rusizi kati ya Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mpunga, mahindi na maharage hulimwa jirani kwa jirani. Mafuriko hutangazwa, maji yanayobaki udongoni baada yake hayatangazwi. Hata hivyo, mazao mengi yaliyonusurika mkondo huharibikia hapo.

2.0 Mzizi Unaokosa Hewa
Mzizi hupumua hewa iliyomo katika mianya ya udongo. Maji yakiijaza mianya hiyo, oksijeni huenea polepole takribani mara 10,000 kuliko hewani, na iliyobaki humalizwa upesi na mizizi pamoja na vijidudu. Mzizi hulazimika kupata nishati kwa uchachushaji: molekuli moja ya glukosi, ambayo ingetoa molekuli za ATP zipatazo 30, hutoa 2 tu. Kwa uhaba huo, mzizi hushindwa kufyonza maji na virutubisho. Ndiyo maana mmea hunyauka ilhali umesimama majini. Wakati huohuo, bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi zinazopotelea angani, na majani ya chini huwa ya manjano kwa upungufu wa nitrojeni.

3.0 Tofauti baina ya Mazao
Mpunga una njia za hewa zinazoshusha oksijeni hadi mizizini. Mahindi hujitahidi kuziunda: ethilini inayonaswa mizizini huchochea baadhi ya seli kufa ili kuacha mianya, na mizizi mipya huchipuka karibu na uso wa udongo. Juhudi hizo huhitaji muda, na mahindi machanga huwa nao mchache. Maharage huathirika upesi zaidi. Hata mpunga una kikomo: ukifunikwa wote, aina nyingi hurefuka kufuata hewa hadi akiba ya chakula ikaisha. Jeni ya SUB1A, iliyobainishwa mwaka 2006 katika mpunga wa asili ya India, huzuia mrefuko huo, na mmea huweza kustahimili takribani wiki mbili.

4.0 Istilahi na Ushauri
Mkulima aonapo majani yamenyauka huweza kudhani ni kiu. Yakiwa ya manjano, ugonjwa. Neno "mafuriko" pekee halimsaidii. Inafaa mafuriko yawe maji yanayoingia shambani. Kutuama, maji kujaza udongo wa mizizi. Kuzama, mmea kufunikwa wote. La kwanza hudai onyo la mapema; la pili, mifereji, matuta na mbolea ya kukuzia baada ya maji kuondoka; la tatu, mbegu stahimilivu.

5.0 Hitimisho
Mbegu ya mpunga unaostahimili kuzama haimwokoi mkulima wa maharage ambaye shamba lake halina mfereji. Watunga sera wa pande zote za mpaka wanapaswa kuafikiana juu ya istilahi hizi tatu katika vijitabu vya ugani na taarifa za hali ya hewa, ili msaada ulingane na tatizo lililopo shambani.