Kipupwe cha Dagoretti na Githeri ya Kupima

Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, pepo za kusi hupandisha unyevu wa Bahari ya Hindi hadi nyanda za juu, na mawingu yakishatanda juu ya Nairobi hayaondoki upesi. Siku tatu, nne, hata wiki nzima yaweza kupita jua halijaonekana sawasawa. Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji, iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 11, usiku mwingine chini ya hapo. Mtu wa Ulaya ataicheka baridi hiyo. Lakini chumba cha mabati cha Kawangware au Ngando hakina dari wala kipasha joto, na baridi ya nje ndiyo baridi ya ndani. Mwili unaolala humo unataka chakula cha kutosha, tena unakitaka kikiwa moto.

Ukimwuliza mpangaji wa Gatina kwa nini jioni amekunywa chai na mandazi, mara nyingi hatakuambia kwamba maharagwe ni ghali. Atakuambia hana moto wa maharagwe. Maharagwe makavu yasiyolowekwa hutaka saa mbili au tatu jikoni, na mahindi makavu hutaka zaidi. Mtu wa kibarua aliyeingia nyumbani saa moja usiku, viatu vimelowa, ataanza lini kuchemsha, na watoto watalala saa ngapi? Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikaruka. Septemba mwaka huohuo mafuta taa yakaongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, ila mzigo uliangukia jiko la chumba kimoja. Kwa hiyo naamini kwamba anayetaka kuelewa jinsi watu wa hapa wanavyokula vizuri kwa pesa kidogo aanze na moto, bei ya unga ije baadaye.

Na jibu la Dagoretti kwa swali la moto ni la zamani, limehamishiwa tu kando ya barabara: mmoja anawasha, wengi wanakula.

Pita Kawangware mwendo wa saa kumi na moja jioni, karibu na steji ya matatu za namba 46, utawaona wanawake waliokwisha kuchemsha tangu adhuhuri. Sufuria ni kubwa kiasi cha kumtosha mtoto kuogea, nje imepakwa udongo ili masizi yasigande, na chini yake hakuna makaa makubwa. Kuna mipira ya vumbi la makaa, lile linalobaki chini ya gunia, iliyofinyangwa kwa maji na udongo kidogo kisha ikaanikwa siku za jua kabla ya kipupwe kuingia. Mipira hiyo haiwaki kwa pupa. Hutoa joto la taratibu kwa saa nyingi, na hilo ndilo githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, inalolitaka. Kipimo ni kikombe cha plastiki kilichofifia rangi kwa mvuke.

"Mathe, nipimie ya hamsini."

"Ya madondo ama ya njahi?"

"Ya madondo. Na supu yake usininyime, nina watoto."

Anachota, anasawazisha kwa kiganja, kisha anaongeza kijiko juu bila kuombwa mara ya pili. Kijiko hicho cha nyongeza ni desturi. Muuzaji asiyeongeza hupoteza wateja hata kama kikombe chake ni kikubwa. Kwa mteja wa kila siku aliyekosa kazi kuna daftari, na deni la githeri hulipwa kabla ya deni la duka, kwa sababu wote wanajua mama huyu amenunua mahindi yake kwa gorogoro kutoka kwa mtu ambaye naye anamdai.

Mteja akifika kwake hana tena kazi ya saa tatu. Anakaanga kitunguu na nyanya, anatia karoti moja, waru mbili na sukuma aliyokatiwa na mama mboga, anageuza githeri humo, na kwa dakika ishirini chakula kiko tayari. Anayeipuuza sahani hii kwa kuwa ni ya shule na ya jela hajaitazama vizuri. Mahindi peke yake yana upungufu wa lisini, mojawapo ya viungo ambavyo mwili hutumia kujenga protini. Maharagwe yanayo lisini kwa wingi, nayo hupungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Kipande cha parachichi juu yake huongeza mafuta mazuri, na bahati njema ni kwamba msimu mkuu wa parachichi nchini huangukia miezi hiihii, wakati hata mwenye shilingi chache anapata tunda moja kubwa la kugawa watu wawili.

Chakula kina historia ndefu katika eneo hili. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilisimama kwenye ukingo huu wa nchi ya Wakikuyu kununua nafaka, kunde na viazi kabla ya kuvuka nyika za Wamaasai. Mwaka 1890 Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alipatana na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome Dagoretti, na sababu kubwa ya kuchagua mahali hapa ilikuwa chakula cha misafara ya kwenda Uganda. Mapatano hayakudumu. Watu wa kampuni walianza kujichukulia mazao bila kulipa, ngome ikaachwa, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa na kufia Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Watu wa Kangemi wanaoshuka kwenye matatu Waiyaki Way wakiwa na kabichi begani wanapita juu ya jina lake kila siku.

Katika kalenda ya Wakikuyu, masika ni mvua ya njahi. Zao hilo la jamii ya maharagwe, jeusi lenye mstari mweupe, mila imelitenga hasa kwa mama aliyejifungua: hupondewa njahi na ndizi, akaletewa na uji, ili apate nguvu na maziwa. Leo katika plota ya vyumba kumi na viwili desturi hiyo haijali kabila. Nimeona mama Mluhya akipelekewa njahi na jirani Mkikuyu, na wiki iliyofuata sufuria ileile ikarudi na mrenda, kwa maana chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

Wenyeji wa magharibi wamelifanyia jiko la Kawangware jambo kubwa. Wao ndio waliotia mkazo kwenye mboga za kienyeji: kunde, saga, managu, terere na mrenda. Kwa mwenye pesa kidogo mboga hizi zina hesabu nzuri, maana zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, na hupikwa kwa maziwa au karanga bila nyama yoyote. Omena, wale samaki wadogo wa ziwani, nayo huliwa nzima, kichwa na mifupa, hivyo anayekula omena anapata kalsiamu ambayo mla minofu hapati. Mabasi ya kwenda Kakamega na Busia yakirudi huleta magunia ya mahindi, kunde zilizokaushwa na omena kutoka kwa mama mzazi, na familia yenye mzigo kutoka ushago hupita Julai kwa unafuu. Tahadhari iliyo ya lazima ni moja: mahindi yaliyopata unyevu yachambuliwe, na yenye ukungu yatupwe bila huruma. Mwaka 2004 sumu ya ukungu iliua watu zaidi ya 100 Ukambani, na chumba chenye unyevu wa kipupwe si ghala.

Kisha kuna supu. Machinjio ya Dagoretti hulisha nyama sehemu kubwa ya jiji, na wanaoishi karibu hupata kile ambacho mahoteli ya Kilimani hayakitaki: vichwa, miguu, mifupa, matumbo. Alfajiri, wakati makondakta na wabeba mizigo wanaanza kazi, supu inakuwa imechemka usiku kucha. Hunywewa kwa kikombe, wima, na chumvi na pilipili kidogo, mikono yote miwili ikikishika kikombe. Matumbo yakisafishwa vizuri na kupikwa na sukuma huleta protini kwa bei ambayo nyama ya kawaida haiwezi kuifikia. Kwa mfuko mdogo supu ya mifupa ina faida nyingine: ikipikiwa ndani yake mboga na dengu, familia hupata ladha ya nyama bila kununua nyama.

Asubuhi ni zamu ya uji. Uji wa wimbi huuzwa kwa thamosi kila kona, na hapa sina budi kusema wazi: kwa mtoto, kikombe cha uji wa wimbi kinaishinda mbali chai ya rangi na kipande cha mkate. Wimbi ni miongoni mwa nafaka zenye kalsiamu nyingi zaidi duniani. Wazee walikuwa wakiuchachusha uji siku moja au mbili, na uchachu huo huuachia mwili njia ya kufyonza madini yaliyomo. Chai nayo inywewe, nani ataacha chai kwenye baridi hii? Ila isinywewe papo hapo na githeri au managu, kwa kuwa huzuia chuma cha mboga kuingia mwilini. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga hufanya kinyume chake.

Ninaloliogopa katika kipupwe ni jiko lililoingizwa chumbani. Kila mwaka, msimu huu, Nairobi huzika watu waliolala na makaa ndani, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Moshi nao huumiza mapafu ya watoto wadogo, na nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Kwa hiyo kununua githeri iliyopikiwa nje kunaokoa zaidi ya pesa. Anayetaka kuchemsha mwenyewe anayo njia ya kikapu. Loweka maharagwe usiku, yatokose kwa nguvu kwenye jiko la nje kwa nusu saa, kisha ifunge sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu. Yataendelea kuiva kwa joto lake bila kaa hata moja. Ule utokosaji wa kwanza usifupishwe, maana maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo.

Serikali imegusa jambo hili mara chache. Julai 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga ilipokuwa imepita shilingi 200, ruzuku iliishusha hadi 100, ikadumu wiki chache tu. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, umekuwa na mizizi zaidi: mtoto wa shule ya umma Nairobi hulipa shilingi 5 kwa kutumia bangili yake ya malipo na kupata chakula cha mchana kilichopikwa katika jiko la pamoja. Ni fikra ileile ya steji ya 46, kwa sufuria kubwa zaidi.

Lakini mama wa githeri mwenyewe hayumo katika mpango wowote. Anapikia kwenye kibaraza cha barabara, askari wa kaunti wakija anabeba sufuria ya moto na kukimbia, mvua ikinyesha wateja wanamkuta chini ya mwavuli uliovunjika. Sheria ya kilimo cha mjini ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 ilitambua kwamba mtu anaweza kulima jijini, na Waithaka, Mutuini na Ruthimitu, ambako vishamba vimesalia tangu eneo hili lilipoingizwa jijini miaka ya 1960, bado hutoa sukuma, nduma na maziwa, ingawa kila mwaka ghorofa mpya humeza robo ekari nyingine. Anayepika hajapata sheria kama hiyo. Anachohitaji ni kidogo: paa la mabati, bomba la maji safi, mahali ambapo hafukuzwi, na leseni ambayo faida ya kikombe inaweza kuilipa. Bajeti ya kaunti husomwa Juni, mwezi ambao baridi inaanza, na wawakilishi wa wadi za Kawangware, Gatina, Kabiro, Riruta na Ngando wanajua sufuria hizo zinakaa wapi, na huenda wengi wao wamewahi kula humo.