Kompyuta ikikosa maktaba, usikubali haraka ipigwe upya

Skripti yako ya kubadilisha sauti kuwa MP3 ilifanya kazi hadi jana. Leo kompyuta ya mezani inajibu: error while loading shared libraries: libmp3lame.so.0: cannot open shared object file. Fundi anakwambia mashine imekufa, ipigwe upya, na picha zako zote zipotee. Subiri kwanza. Mashine ni nzima.

Programu nyingi hazibebi kila kitu zenyewe. Kazi kama kutengeneza MP3 huandikwa mara moja, ikawekwa kwenye faili linaloitwa maktaba, na programu nyingine zikaazima humo. Ni kama mashine ya kusaga kijijini: kila kaya ina mahindi yake, lakini kinu ni kimoja. Kinu kikihamishwa, mahindi yapo ila unga hupati. Kwa hiyo kuhangaika na skripti yenyewe ni kupoteza muda. Iliyokwama ni programu ambayo skripti inaiita.

Shika jina la faili lililotajwa. Kwenye Ubuntu au Debian, andika ldd /usr/bin/lame, kisha tazama mistari yenye maneno "not found". Faili hili limo katika kifurushi cha libmp3lame0, hivyo andika sudo apt install libmp3lame0. Kama maktaba uliiweka mwenyewe kwenye /usr/local/lib, huenda inatosha sudo ldconfig, ili kompyuta isome upya orodha yake. Usibadilishe jina la faili la toleo jingine ili kuidanganya programu. Inaweza kufunguka, halafu ikaanguka katikati ya kazi.

Je, uko Munisagara na bando limeisha? Kifurushi hiki hakifiki hata megabaiti moja. Mwombe mtu wa Kilosa mjini mwenye toleo la Ubuntu kama lako aandike apt download libmp3lame0, akuwekee kwenye flashi. Ukiipata, fungua folda hiyo na uandike sudo apt install ./libmp3lame0*.deb.

Wenye Windows hukutana zaidi na VCRUNTIME140.dll. Hiyo huja na Visual C++ Redistributable, inayotolewa bure na Microsoft. Ichukue kwenye tovuti yao wenyewe, maana zile tovuti zinazogawa DLL mojamoja ni mlango wa virusi. Na programu ikiwa ya biti 32, weka toleo la x86, hata kama Windows yako ni ya biti 64.