Uvamizi wa Kagera wa 1978: Waliosema, Walionyamaza na Waliotaka Suluhu

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, eneo la takriban kilomita za mraba 1,800, na siku mbili baadaye Redio Uganda ikatangaza kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya Uganda, huku ikijigamba kwamba kazi yote ilimalizika kwa dakika 25. Vita vilivyofuata vimeandikwa sana upande wa mapigano na makamanda wake. Kilichoandikwa kidogo ni namna uvamizi wenyewe ulivyopokewa na wananchi wa nchi iliyovamiwa, na wananchi wa nchi iliyovamia, na serikali za bara zima, ingawa humo ndimo lilimo jibu la swali ambalo Waafrika waishio ughaibuni huulizwa mara kwa mara, yaani kwa nini bara lao halisemi kwa sauti moja jirani anapomvamia jirani.

Mpaka wenyewe ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, yaliyofuata mstari wa latitudo ya nyuzi moja kusini mwa Ikweta bila kujali mto wala makazi ya watu. Kwa hiyo kati ya mstari huo na Mto Kagera kulibaki kipande cha ardhi ambacho kisheria ni cha Tanzania lakini kilichounganishwa na nchi yake kwa madaraja machache, hasa lile la Kyaka, na mtawala yeyote wa Kampala aliyetafuta kisingizio angeweza kudai kwamba mto ndio mpaka wa haki. Dai la namna hiyo lilikuwa limekwisha kufungiwa mlango na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, uliokubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoirithi ilipopata uhuru, hata kama mipaka hiyo ilichorwa na wakoloni kwa maslahi yao. Miongoni mwa watetezi wakubwa wa azimio hilo alikuwa Julius Nyerere mwenyewe, rais wa Tanzania.

Uhasama wa Nyerere na Idi Amin ulikuwa wa tangu Januari 1971, Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda na kutwaa madaraka, naye Obote akapewa hifadhi Tanzania. Mwaka 1972 wapiganaji wa Obote walijaribu kuingia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa, ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza, na Siad Barre wa Somalia akasuluhisha kwa makubaliano ya Mogadishu. Mwaka 1975 OAU ilifanya mkutano wake wa wakuu wa nchi Kampala na kumfanya Amin mwenyekiti, lakini Tanzania ilikataa kuhudhuria kwa hoja kwamba Umoja unaolaani mauaji ya makaburu hauwezi kumpa heshima mtawala anayewaua Waafrika wenzake. Lawama hiyo ilisikilizwa na wachache. Ilipofika Oktoba 1978 Amin alikuwa amekabiliwa na uasi ndani ya jeshi lake, na wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba kuvuka mpaka kulikuwa, kwa sehemu kubwa, njia ya kuwapa askari wasiotulia adui wa nje na mali ya kupora.

Walipora kweli. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari cha Kagera kiling'olewa mitambo, nyumba na maduka yalibaki kuta tupu, wanawake walitekwa, na makadirio yaliyozoeleka yanataja raia wapatao 1,500 waliouawa, wakati maelfu ya wengine walikimbilia kusini mwa mto kabla ya daraja la Kyaka kulipuliwa mwanzoni mwa Novemba. Habari za wakimbizi hao, zaidi ya hotuba yoyote, ndizo zilizoamua hisia za Watanzania, kwani ziliwafikia watu wa Bukoba na Mwanza kutoka vinywani mwa walioona.

Tarehe 2 Novemba Nyerere alilihutubia taifa na kutangaza kwamba Tanzania ina sababu ya kumpiga Amin, ina uwezo wa kumpiga na ina nia ya kumpiga, maneno matatu ambayo hata watoto wa shule walikuja kuyajua kwa moyo. Tangu siku hiyo Amin hakutajwa redioni bila neno nduli mbele ya jina lake. Mikoa ilitakiwa kutoa watu na vifaa, magari ya mizigo na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari mpakani, wanavijiji walichanga mifugo na chakula, na mgambo, yaani raia waliopewa mafunzo ya kijeshi ili kulinda maeneo yao na kuliongezea nguvu jeshi la kudumu, walijiunga kwa wingi kiasi kwamba Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikua katika muda mfupi likapita mara mbili ya ukubwa wake wa awali.

Umoja huo wa wananchi haukuzuka kwa siku moja. Chama cha Mapinduzi, kilichoundwa Februari 1977 kwa kuunganisha vyama vya TANU na ASP, kilikuwa kimerithi mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi, ambamo kila kundi dogo la kaya lilikuwa na kiongozi wake aliyejulikana kwa jina na aliyeweza kukusanya mchango au kuandikisha vijana bila kusubiri barua kutoka Dar es Salaam, nayo lugha moja iliyoeleweka kutoka Mtwara hadi Bukoba iliondoa haja ya kuvitafsiri vita kwa kila kabila. Hata hivyo ni haki kukumbuka kwamba redio ilikuwa ya serikali, na magazeti makubwa yalikuwa ya serikali au ya chama, kwa hiyo aliyekuwa na shaka juu ya gharama ya vita au juu ya lengo lake hakuwa na mahali pa kuisemea. Hasira ya wananchi ilikuwa ya kweli. Kwamba kila mmoja aliunga mkono kila hatua iliyofuata ni jambo ambalo vyombo vya habari vya wakati ule haviwezi kulithibitisha.

Nje ya Tanzania mambo yalikuwa tofauti kabisa. Nchi zilizomlaani Amin waziwazi zilikuwa chache, zikiwemo Msumbiji, ambayo ilituma pia kikosi cha askari, Zambia, Angola, Botswana na Ethiopia, na nyingi kati ya hizo zilikuwa katika kundi la nchi za mstari wa mbele, yaani zile zilizobeba mzigo wa harakati za ukombozi Kusini mwa Afrika na zilizomfahamu Nyerere kama mwenzao wa mapambano. OAU, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Gaafar Nimeiry wa Sudan, haikulaani. Ilijitolea kusuluhisha, ikizitaka pande mbili zisimamishe mapigano kana kwamba zilikuwa zimegombana tu. Kenya, chini ya Daniel arap Moi aliyekuwa amerithi urais wiki chache tu kabla, baada ya kifo cha Jomo Kenyatta, ilichagua kutoegemea upande wowote, ingawa mwaka 1976 Amin alikuwa amedai sehemu kubwa ya ardhi yake nayo ikamjibu kwa ukali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumsaidia jirani aliyenuniana naye. Libya ya Muammar Gaddafi ilimpelekea Amin silaha na baadaye maelfu ya askari, ambao baadhi yao walishindwa vibaya Lukaya, nchini Uganda, mwezi Machi 1979.

Jibu la Nyerere kwa wasuluhishi lilikuwa kwamba hakuna usuluhishi baina ya mwizi na mwenye nyumba mpaka mwizi atajwe kuwa mwizi, na kwamba Amin alitakiwa kwanza kulaaniwa, kuachana na madai yake ya ardhi na kulipa fidia. Kwa sababu hilo halikutokea, vita vilivyoanza kama vya kurudisha ardhi, iliyokombolewa kabla mwaka haujaisha, vilivuka mpaka mwaka uliofuata.

Waganda wenyewe hawakuulizwa. Chini ya utawala uliokuwa umemuua Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977, kupinga uvamizi hadharani kulikuwa sawa na kujitia kitanzi, na upinzani ulionekana zaidi katika askari waliotoroka vikosi vyao. Waliozungumza ni waliokuwa uhamishoni: wajumbe wa vikundi zaidi ya 20, kutoka Nairobi, London, Lusaka, Dar es Salaam na kwingineko, walikutana Moshi mwishoni mwa Machi 1979, wakaunda chombo kimoja na kumchagua Yusuf Lule kukiongoza. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili umati ulijaa barabarani kuwashangilia askari wa Tanzania walioitwa wakombozi. Watu wa Masaka na Mbarara, ambako askari hao walilipiza kisasi cha Kagera kwa kubomoa majengo, hawakuwa na sababu ya kushangilia kwa kiasi hicho, na simulizi ya Kitanzania haina budi kuyabeba hayo pia.

Mkutano wa OAU uliofanyika Monrovia Julai 1979 ulionyesha Umoja huo ulikuwa ukilinda nini. Nimeiry na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia katika nchi nyingine na kuiondoa serikali yake, naye Godfrey Binaisa, aliyekuwa amechukua nafasi ya Lule, akasimama kuitetea Tanzania. Hofu ya Nimeiry na Obasanjo haikuwa ya kipuuzi, kwani nchi ikiruhusiwa kumwondoa mtawala mbaya wa jirani, kesho nyingine itajipa yenyewe kazi ya kuamua nani ni mbaya. Kasoro ilikuwa kwamba sauti hizo hazikusikika Novemba 1978, wakati ardhi ya mwanachama ilipotekwa na kutangazwa kuwa ya mwingine kinyume cha azimio la Cairo. Kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ilitumika kumlinda aliye ikulu, na mkulima wa Kyaka hakulindwa na kanuni ya mipaka.

Gharama ya vita, inayokadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani, ililipwa na Tanzania karibu peke yake. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18; miezi hiyo ilipita, na foleni za sukari, sabuni na unga zikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1980, zikichochewa pia na bei ya mafuta na sera za ndani. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina jipya la Kagera.

Hoja ya kuheshimu mipaka imerudi mara nyingine. Februari 2022 balozi wa Kenya katika Baraza la Usalama, Martin Kimani, aliwaeleza wajumbe kwamba Waafrika waliikubali mipaka waliyoirithi ili wasizame katika damu, na tarehe 2 Machi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura azimio la kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga na 35 zikajizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa miongoni mwa zilizounga mkono. Tanzania, iliyolalamika mwaka 1978 kwamba kukaa kati ni kumsaidia mvamizi, ilijizuia, na Uganda nayo ikajizuia pamoja nayo.